Masizi

Viko kumi na kimoja, ndani ya mtoto wa meza
ya cherehani yangu, hapa Langoni,
vimelala juu ya flaneli iliyolowa mafuta ya mashine.
Kuna kotama ya mgema wa Mambrui, imepinda kama kucha ya paka.
Kuna jambia lisilo na ala, nililolipwa kwa suruali mbili.
Kuna kisu cha kukunja cha Mjerumani, aliyekisahau
mfukoni mwa kaptura aliyoniletea niitie zipu.
Nilimfuata hadi jeti. Boti ilikwisha ng'oka.
(Hivyo humwambia kila anayeuliza.
Kweli ni kwamba nilitembea polepole.)

Husemwa mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.
Mimi ninavyo kumi na kimoja,
na jana tulikula maharagwe.

Mwalimu wetu, Shee Famau, alikuwa fundi wa mabomba.
Karate aliipata Malindi, kwa mpishi Mwitaliano
aliyemlipa masomo pale mshahara ulipokosekana.
Tulifanyia mazoezi katika ghala la boriti:
mikeka miwili, taa ya chemni, harufu ya magome ya mkoko,
na punda wa jirani akipenyeza kichwa dirishani
kama mkaguzi kutoka wizarani.

Usiku wa Alhamisi Shee alishika mwiko
ambao ukingo wake aliupaka masizi ya sufuria.
"Hiki ni kisu," alisema. "Atakayecheka ndiye wa kwanza."
Nilicheka.

Sikuuona mkono. Niliona bega likishuka,
basi, kama mtu anayetua ndoo,
na tayari palikuwa na mstari mweusi shingoni mwangu.
Nilizuia, ukapita chini ya kwapa.
Nilirudi nyuma, ukanikuta tumboni.
Nilitoa pigo nililolirudia mara elfu mbele ya ukuta,
zuri, lenye kelele,
nao mwiko ukaniandika kutoka nyonga hadi kifua
taratibu, kama hati ya nyumba.

Nyumbani, Mwanakheri aliishika ile nguo nyeupe mbele ya taa.
"Yeo umekufa mara ngapi?"
"Tisa."
"Kumi na moja. Mbili ziko mgongoni.
Ulikuwa ukikimbia?"
Akailoweka. Sabuni ya mche, ndimu, maji mara tatu.
Masizi hayatoki upesi.

Miaka minne nilikufa kila Alhamisi.
Nikashuka hadi sita. Nikashuka hadi nne.
Usiku mmoja nilirudi na alama mbili tu, zote mkononi,
nikapita barabara kuu na nguo ile ile, makusudi,
na hakuna aliyejua kwamba zile ni sifa.
Muuza mishikaki aliniuliza kama nimeanza kuuza makaa.

Ni mwaka ule nilioanza kukusanya. Sijui kwa nini.
Labda nilitaka kuzitazama nyuso za walioniua
zikiwa zimelala.

Shee alipokuja kupima kanzu nilimfungulia mtoto wa meza.
Alivitazama kimoja kimoja, hakugusa hata kimoja.
"Kikiingia kimoja hapo mlangoni, na mtu nyuma yake?"
Nikainuka, nikaanza kumwonyesha kwa mikono.
"Hapana," akasema. "Zile mbili za mgongoni,
usiku wa kwanza, ndizo zilikuwa sahihi.
Ila ulichelewa."
Kisha akaulizia urefu wa mikono ya kanzu.

Cha kumi na mbili nakijua kilipo.
Kiko jikoni, hakina jina, kimekwisha kwa kunolewa
kizingitini, kimebaki wembamba wa jani la mpera,
na mpini wake umefungwa uzi wangu mwenyewe, buluu,
wa sare za shule.
Nilimwomba Mwanakheri. "Hiki kina kazi," alisema,
akanipa, mpini mbele, na bakuli la vitunguu.

Kitunguu cha tatu, kikateleza.
Kovu nililo nalo mwilini ndilo hilo moja, la kidole gumba.
Alinifunga kwa kipande cha melikani,
akaendelea kukata palipobaki.
Hakuhesabu.